Kipande Kimoja cha Kubadilisha

Kompyuta yangu ilikuwa ikizima kila baada ya dakika ishirini, na mtihani ulikuwa wa saa tatu. Hesabu hiyo haikuhitaji msomi. Barua pepe iliingia Jumatatu asubuhi: kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imelipenda ombi langu la kazi ya kuandika maneno ya rekodi za Kiswahili, kazi ya kufanyia nyumbani, na sasa walitaka kunipima. Alhamisi saa nne kamili nikae mbele ya mashine, nivae hedifoni, nisikilize na kuandika neno kwa neno hadi saa saba. Mashine ikikatika mara moja, nitasamehewa. Ikikatika mara ya pili, mtihani umekwisha na hautarudiwa.

Nilikuwa nimefanya kazi mapokezi ya hoteli moja ya Diani kwa miaka kumi na miwili. Hoteli ilipofunga nusu ya vyumba vyake ikatuaga, na kompyuta za zamani ikatuuzia kwa bei ya kutuliza machozi. Nilichukua ile ile iliyokuwa mezani kwangu. Nilijua kila mkwaruzo wake, na nilijua herufi ipi ya kibodi ilitaka kugongwa kwa hasira. Tangu hapo nilikuwa nimekaa nayo nyumbani Kinondo mwaka mzima, nikiandikia watu barua na kadi za harusi, na kutuma maombi ya kazi ambayo hayajibiwi.

Wakati huo huo pasi yangu ya kusafiria ilikuwa mikononi mwa wakala wa Ukunda, mwanamke mwenye simu tatu na subira kidogo. Viza ya kazi ya nyumbani Uarabuni ilikuwa imetoka. Alitaka jibu langu Alhamisi alasiri ili akate tiketi, na kama sitaki, nafasi ampe mwingine.

Niseme na la mama. Naishi na mama yangu, na sukari imemla macho. Huona mwanga na vivuli, basi. Lakini ndani ya nyumba yetu huwezi kujua. Hupika, hufua, hulisha kuku na kuwatukana mmoja mmoja kwa sauti zao. Mimi nikiondoka ingebidi aende kwa kaka yangu, bara ya Kinango. Kaka si mtu mbaya, ila kutwa yuko na ng'ombe, na mkewe yuko shambani. Mama angekaa mkekani tangu asubuhi akingoja mtu arudi amwonyeshe choo kiko wapi. Nilikuwa nimeshaiona picha hiyo kichwani mara nyingi mno.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Kompyuta ikidumu saa tatu, nabaki na mama. Isipodumu, naenda kulea watoto wa watu, na mama ananyang'anywa nyumba anayoijua.

Nilikuwa na fedha za kubadilisha kipande kimoja. Si viwili. Nilichukua kalenda ya mwaka uliopita, nikageuza karatasi ya mwezi mmoja, nikaandika upande mweupe: RAM, SSD, pawa saplai. Kisha nikaanza kuuliza watu, na hilo ndilo lililokuwa kosa la mwanzo, kwa sababu huku kwetu mtu akiulizwa jambo asilolijua huona ni utovu wa adabu kukurudisha mikono mitupu. Aliyekuwa mhudumu mwenzangu wa hoteli alisema RAM, bila hata kuniacha nimalize. Mwenye saibakafe ya njia panda alisema SSD, kwamba kompyuta bila SSD ni gari la ng'ombe. Jirani yangu alisema ninunue laptop, kama kwamba laptop huokotwa ufuoni pamoja na makome.

Nilikaa na karatasi ile nusu ya siku. SSD ingeifanya iwake haraka, lakini kuwaka haikuwa shida yake, shida yake ilikuwa kuzima. Pawa saplai sikuielewa, na kitu nisichokielewa sikipendi. RAM niliipenda kwa sababu ilitajwa na watu wengi zaidi. Ukweli ni huo, na nauandika kwa aibu. Mtu mwenye dhiki hupiga kura mahali ambapo angepaswa kufikiri.

Jumatatu hiyo hiyo jioni nilikwenda Kona ya Musa kwa fundi niliyeelekezwa. Nilitazamia kijana wa miwani, nikamkuta mwanamke wa bara wa umri wangu, kajifunga leso kiunoni juu ya suruali, na bisibisi kaichomeka kwenye nywele. Nilimwambia nataka RAM.

"Mashine iko wapi?" akauliza.

"Nyumbani."

"Inazima yenyewe ama ina-hang tu ikiwa imewaka?"

"Imechoka tu. Ni ya zamani."

"Dada, ni vizuri niione kwanza. Kuzima na ku-hang ni magonjwa mbili tofauti."

"Mimi nimeitumia miaka kumi na miwili," nikamwambia. "Naijua."

Sikuwa naijua. Ila sikutaka kuitoa nyumbani, na sababu yake sikuweza kumwambia mtu wa bara akanielewa. Kijijini kwetu kitu kikitoka mlangoni watu husema umeuza, kikiingia husema umepata, na vyote viwili vina macho nyuma yake. Mimi hujitia kuwacheka wanaoogopa husda. Lakini kila nikikaa kuandika, dirisha la upande wa njia nilikuwa nalifunga, na sikulifunga kwa sababu ya jua. Hata lile kasha lenyewe, ambalo sote huku twaliita CPU, nililishonea nguo ya leso iliyolifunika kutoka juu hadi chini. Watu nikiwaambia ni ya kuzuia chumvi. Upepo wa Kinondo hula mabati na bawaba za milango, kwa nini usile kompyuta? Hivyo nguo ile haikuvuliwa asilani, mashine iwe imewashwa au imezimwa.

Fundi alinitazama, akafungua droo, akanipa RAM ndani ya karatasi ya fedha. Alinionyesha kwa kidole inavyochomekwa, akasema, "Isipokusaidia usiikwaruze. Niletee, na uje na mashine yenyewe."

Jumanne asubuhi, dirisha likiwa limefungwa, nilisogeza bati la kasha, nikaichomeka kwa kupapasa gizani, nikafunika tena. Kompyuta iliwaka upesi kuliko nilivyowahi kuiona, na mimi nikacheka peke yangu chumbani. Nikafungua rekodi ya mazoezi niliyotumiwa, mzee mmoja akieleza habari za minazi, nikaanza kuandika. Vidole vilikuwa vyepesi. Nikaanza hata kupanga nitamwambiaje wakala.

Dakika ya kumi na saba kioo kikawa cheusi. Hakikuonya. Ndani ya kasha kulisikika kama mtu anayeshusha pumzi, halafu kimya.

Niliwasha tena, ikanipa dakika kumi na mbili. Niliipumzisha kidogo, ikanipa kumi na nne. Ilikuwa mbaya kuliko juzi, na juzi haikuwa na RAM mpya. Nilikaa nikaitazama, na nataka nikiri kwamba niliipiga kofi, kisha nikaiomba msamaha, na yote mawili nilifanya kwa sauti.

Wakala alipiga simu adhuhuri. "Dada, mwajiri hangoji. Wenzako wanalilia hii nafasi."

"Umesema Alhamisi."

"Nimesema Alhamisi. Nakukumbusha Alhamisi iko karibu."

Mama alikuwa jikoni akichambua mchicha. Najua alisikia, kwa sababu mikono yake ilisimama. Hakuniuliza lolote. Alikuwa hajaniuliza lolote tangu viza ilipotoka, na mimi nilikuwa nimejiambia kwamba kunyamaza kwake ni kuridhia. Alasiri nilikwenda saibakafe kuuliza kama ningeweza kufanyia mtihani pale. Mwenyewe akasema naweza, ila kelele za wateja hawezi kuzifunga mdomo. Nikarudi vile nilivyokwenda. Nyumba ilikuwa inanukia vizuri, kama kawaida yake.

Jumatano asubuhi sikuwa na la kuchagua. Nililifunga kasha ndani ya leso, nikalipakata, nikapanda tuktuk. Kabla hatujafika barabarani jirani alikuwa ameshatoka uani.

"Waiuza?"

"Naipeleka hospitali," nikamjibu.

"Mungu aiafu," akasema, na uso wake ulikuwa umeamini kuwa nauza.

Fundi hakunisimanga, nami nilimshukuru kimoyomoyo. Alifungua skrubu nne, akalitoa bati la ubavuni, akarudi nyuma kidogo. Ndani kulikuwa kweusi. Si vumbi la kijivu ambalo kila mtu analo. Ulikuwa weusi wa kunata, umeganda kwenye feni kama masizi ya sufuria, umejaza kila upenyo wa kile chuma cha kupoza ubongo wa mashine. Feni aliisukuma kwa kidole, ikazunguka nusu mzunguko ikakwama.

Akainamisha pua. Akanitazama. "Hii mashine ilikuwa inakaa jikoni?"

"Hapana."

"Mbona inanukia hivi? Inanukia poa, hata. Kama arusi."

Hapo nikaelewa. Ubani. Mama hufukiza nyumba kila Alhamisi jioni, kama mama yake alivyofukiza, na mama wa mama yake. Hupita na chetezo chumba kwa chumba, akisoma, moshi ukiingia nguoni na kitandani. Na kitu kinacholeta riziki hufukizwa zaidi ya vingine. Kaka yangu alipokuwa na pikipiki, ilifukizwa pikipiki. Nilikuwa najua kwamba mama hupita chumbani kwangu. Sikuwahi kufikiri kwamba husimama hapo mezani, na kwa muda gani.

"Huwa mnaifunika?" fundi akauliza.

"Usiku tu," nikasema. Leso yenyewe ilikuwa mapajani mwangu, nayo ilikuwa nyeusi upande wa ndani. Nikaikunja.

Alinieleza polepole, kama mtu anayeogopa kumvunjia mwenzake heshima. Mashine ikipata joto kupita kiasi hujizima yenyewe ili isiungue. Haikuwa imechoka, ilikuwa inajiokoa. "Hata ungeiwekea RAM ya dunia nzima, ingezima tu."

Kisha akaniwekea uchaguzi mbele yangu, na ule ndio uliokuwa mgumu. RAM angeichukua tena, isiwe neno. Kwa thamani ile ile angeweza kuniwekea kipande kingine. Kuosha ataosha, na dawa nyeupe ya kupitishia joto ataipaka upya. Lakini feni ilikuwa imekufa nusu, na pawa saplai, ile inayogawa umeme ndani ya mashine, nayo ilikuwa imekula moshi ule ule. Feni mpya ya kuaminika na dawa yake zingemaliza fedha zangu. Pawa saplai pia ingezimaliza.

"Nikiacha pawa saplai ya zamani?"

"Inaweza vumilia. Inaweza kataa. Siwezi kuapa."

"Na nikiacha feni ya zamani?"

"Nikiipiga mafuta itazunguka. Mpaka lini, sijui."

Nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki nikitazama vile vipande viwili juu ya meza. Nje muuza viazi vya karai alikuwa anaita wateja, nami nilitamani kumwambia anyamaze nipate kufikiri. Nikikosea hapa, nilijiambia, mama anahama. Haikuwa feni na pawa saplai tena. Ilikuwa mama na mkeka wa watu.

"Ingekuwa yako?" nikamuuliza.

"Ingekuwa yangu ningeweka zote."

"Ingekuwa yako, lakini una fedha zangu hizi tu."

Akafikiri. Alitoa bisibisi kichwani, akairudisha. "Na uko na mtihani kesho? Ningeweka feni. Halafu ningeomba Mungu kuhusu hiyo nyingine."

Nikachagua feni. Hakuna mtu Ukunda nzima aliyenishauri feni. Haina jina la kutamba nalo, na ukiwaambia watu umeboresha kompyuta kwa feni watadhani umenunua ya dari.

Njiani kurudi sikufikiria mtihani. Nilimfikiria mama, na kadiri tuktuk ilivyorukaruka ndivyo hasira ilivyonijaa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikumbuka dakika ishirini za wiki iliyopita, kumi na saba za jana, kumi na mbili. Kwa nini izidi kuwa mbaya wiki hii, ikiwa ubani ni wa Alhamisi?

Nilipata jibu nilipofungua mlango. Jumatano, baada ya adhuhuri, mama alikuwa amesimama chumbani kwangu na chetezo mkononi, makaa yamewaka, moshi mnene wa ubani na udi. Alikuwa akiizunguka meza tupu, mahali kasha linapokaa. Hakuwa ameona kwamba halipo. Midomo yake ilikuwa ikisoma.

Nililiweka kasha sakafuni. Nilimwambia, "Mama, tangu lini unafukiza siku zote?"

"Tangu uandikiwe safari," akasema. Alitabasamu kidogo, akidhani nimependa.

Maneno niliyoyasema nayakumbuka yote, na ningelipa fedha nyingi niyasahau. Nilimwambia ni yeye. Nilimwambia ameninyonga kazi kwa mkono wake, kwamba fundi kakuta moshi wake umejaa mpaka ndani ya mashine, kwamba mimi natembea na kuhangaika juani huku yeye nyuma yangu anaua. Nikamaliza kwa hili: "Kama wataka niende Uarabuni, mama, si uniambie tu? Kuna haja gani ya kunifukizia riziki yangu ife?"

Hakulia. Afadhali angelia. "Nilikuwa nakuombea ubaki," akasema.

Kisha akatoka, chetezo mbele, mkono mmoja ukitafuta mlango. Nilimwona kupitia dirishani amechutama uani, akimimina mchanga juu ya makaa, konzi baada ya konzi, hata moshi ulipokwisha akaendelea kumimina.

Nilirudisha kasha mezani, nikachomeka waya. Na mkono wangu, kwa mazoea, ukaichukua leso ili ulifunike. Nikasimama hapo nayo. Moshi wa mama ulikuja mara moja kwa wiki, na siku hizi mara moja kwa siku. Nguo yangu ilikaa mwaka mzima, usiku na mchana, ikizuia hewa yote, ikiufungia moshi ndani usitoke. Kama kulikuwa na aliyeinyonga, tulikuwa wawili, na mimi ndiye niliyeshika shingo. Nililijua hilo tangu pale kwa fundi, nilipodanganya. Hasira hasara, wanasema, lakini hawasemi hasara ya nani.

Ningetoka nimwambie pale pale. Sikutoka. Nilijiambia nimalize mtihani kwanza.

Alhamisi saa nne kasorobo nilikaa. Dirisha nililifungua, la upande wa njia, liwe wazi kabisa. Wapitao wapite, waone. Niliweka kiganja cha kushoto juu ya kasha. Lilikuwa la baridi. Mama alikuwa ametandika mkeka nje, mbali, chini ya uchaga wa kuku, na tangu asubuhi alikuwa hajaingia ndani.

Rekodi ya kwanza ilikuwa mwanamke akieleza anavyosuka makuti. Niliandika. Dakika ishirini zikapita, mashine ikadumu. Nusu saa. Feni ilikuwa ikivuma sauti ndogo ya upole, nami niliisikia hata kupitia hedifoni, au nilidhani naisikia. Saa nzima. Kiganja kikasema vuguvugu, si zaidi. Jasho lilikuwa likinitiririka mgongoni, na sikuthubutu kulifuta.

Saa tano na robo kioo kikawa cheusi.

Sijui nilikaa sekunde ngapi. Niliangalia juu, taa ya ukutani ilikuwa inapepesa: ilikuwa stima, iliyumba ikarudi. Haikuwa joto. Nilibonyeza kitufe. Hakuna. Nikabonyeza tena, nikiwaza pawa saplai, inaweza vumilia, inaweza kataa. Mara ya tatu feni ikaanza kuzunguka. Mtihani ulipofunguka uliniambia kwa maandishi mekundu kwamba nimetumia ruhusa yangu ya pekee.

Ilibaki saa moja na dakika arobaini. Sijawahi kuishi muda mrefu kama ule. Kila gari lililopita na kutikisa mabati lilinishtua moyo. Jirani alifika uani kwa sauti yake ya kawaida, nikamsikia mama akimwambia kwa ukali, "Rudi kwako. Mtoto anafanya kazi." Mtoto ni mimi, mwenye miaka thelathini na sita. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Kulikuwa na mzee aliyesimulia ugomvi wa mpaka wa shamba, anameza nusu ya maneno, na niliyapata maneno yake yote kwa sababu alisema kama marehemu baba.

Saa saba kamili ukurasa ulifungwa wenyewe. Baada ya dakika kumi jibu likaja: karibu, utaanza Jumatatu.

Nilimpigia wakala kabla ya kusimama. Akasema nifuate pasi yangu kesho, akakata. Kisha nikatoka uani, nikapiga magoti mbele ya mkeka. Nilimwambia mama nimepata, sisafiri, hahami. Akasema, "Alhamdulillahi," akanishika kichwa kwa mikono miwili kama alivyokuwa akifanya nikirudi shule. Nikamwambia na la leso. Nikamwambia kwamba kosa kubwa lilikuwa langu, na jana nililijua nikalinyamazia, na naomba radhi yake.

"Nimeshakuwia radhi," akasema. "Tangu jana, kabla hujaomba."

Nami nikaamini yamekwisha. Mzazi akisema radhi, huku kwetu, neno hilo halirudishwi ndani.

Sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile. Kazi inakwenda. Kwa mshahara wa kwanza nilibadilisha pawa saplai, na wa pili nikarudi kwa fundi kununua ile RAM, akacheka mpaka akashika meza. Nyumba haifukizwi. Nilimwambia mama afukize, vyumba vingine vyote, na changu pia siku ambayo mashine imefungwa. Akasema ndiyo, ndiyo, atafukiza. Chetezo sijakiona.

Wiki iliyopita nilikuwa katikati ya rekodi nikasikia mtu mlangoni kwangu. "Hodi," akasema.

Nilivua hedifoni nikidhani ni mgeni. Humu ndani tuko wawili tu, na katika maisha yangu yote mama hajawahi kunibishia hodi. Huingia, huanza maneno tangu sebuleni.

"Karibu, mama. Ingia."

Hakuingia. Alikuwa amesimama nje ya kizingiti, vidole vya miguu vimepangwa sawasawa, hakuna hata kimoja kilichovuka. Mikononi alikuwa na kikombe cha chai.

"Mashine imewashwa?" akauliza.

"Imewashwa, haina neno. Ingia, mama, ukae kitandani."

"La, mwanangu. Nisije nikakuharibia." Akanyoosha kikombe mbele, kikasimama hewani upande wa chumba changu, yeye akabaki upande wake. "Chukua, kitapoa."